Jurji Zaidan, Mtungaji wa Visa vya Taarikhi ya Kiislamu

Katika vijana wa Kiislamu waliosoma Kiarabu tangu mwanzo wa karne ya ishirini ya Miladi, ni wengi ambao hawakuijua kwanza taarikhi ya Banu Umayya na Banu Abbas kwa vitabu vya Tabari na Ibn al-Athir, wala kwa mwalimu msikitini. Waliijua kwa vitabu vidogo vya visa, vyenye mapenzi na vitimbi na safari za usiku, vilivyopigwa chapa Misri katika matbaa ya al-Hilal. Na mtungaji wa visa hivyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mnasara wa Beirut, jina lake Jurji bin Habib Zaidan. Jambo hili liliwapendeza baadhi ya watu na liliwaudhi wengine, na kwa hiyo khabari zake zastahiki kuelezwa pasi na kumpunja haki yake na pasi na kuyafunika makosa yake.

Alizaliwa mjini Beirut, katika nchi ya Sham, tarehe 14 Desemba 1861, sawa na mwaka 1278 wa Hijra. Wazee wake walikuwa Manasara wa kanisa la Rum, watu masikini. Baba yake, Habib, hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na mkahawa mdogo, akipika na kuuza chakula, na hisabu za wateja zilikuwa zikimtaabisha kwa kuwa hana wa kumwandikia. Kwa sababu hiyo alimtia mwanawe chuoni angali mdogo, si kwa kutaka awe mtu wa ilimu, bali apate khati kiasi cha kuandika nani amelipa na nani anadaiwa. Mtoto alipofika umri wa miaka kama kumi na mmoja alitolewa chuoni akawekwa mkahawani. Mama yake hakupenda akulie katika moshi na sahani na maneno ya wapita njia, akashauri afunzwe kazi ya mkono. Akapelekwa kwa fundi wa viatu, akakaa kama miaka miwili. Walakini kukaa kitako mchana kutwa kulimdhuru mwili, akarudi kwa baba yake.

Hata hivyo mkahawa ule ndio uliokuwa madrasa yake ya kweli. Beirut ya siku hizo ilikuwa na magazeti na matbaa, na chuo kikubwa kilichofunguliwa na Wamarekani mwaka 1866, na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa wakija kula pale. Kijana akiwapakulia chakula huku masikio yake yako kwenye mazungumzo yao. Usiku alijifunza Kiingereza baada ya kazi, na vitabu akavisoma kila alipovipata. Kimoja kati ya hivyo kilimtikisa moyo, nacho ni Sirr al-Najah, yaani Siri ya Kufaulu, kitabu cha Mwingereza Samuel Smiles alichokifasiri Yaqub Sarruf kwa Kiarabu. Ndani yake mna khabari za watu wanyonge, wenye kazi za mikono, waliopanda daraja kwa juhudi zao. Mtoto wa mkahawa, aliyekwisha kushona viatu, alipokisoma hakuweza kukimaliza kwa jinsi kilivyomchafua roho. Alikiweka chini kwa kuona kwamba ama atafanya kama wale, ama atakaa hivi hivi maisha yake yote.

Akafanya. Alijifundisha hisabu na ilimu za maumbile kwa miezi michache, na mwaka 1881 akaingia katika daraja ya udaktari ya chuo kile kile cha Wamarekani, akakaa pamoja na watu ambao jana alikuwa akiwapakulia chakula.

Hakudumu humo. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa chuo hicho, Edwin Lewis, alisoma khutuba mbele ya wanafunzi, akamtaja kwa sifa Darwin, yule Mwingereza mwenye rai juu ya asili ya viumbe. Wakubwa wa chuo, ambao ni wahubiri wa dini yao, wakachukiwa, na mwalimu akalazimika kujiuzulu. Wanafunzi wakamtetea, wakagoma kuingia darasani, na Zaidan alikuwa katika walio mbele. Wakasimamishwa. Wengine waliomba radhi wakarudi, yeye hakurudi. Akatoka na cheti cha utengenezaji wa dawa, akakopa nauli kwa jirani, na mwaka 1883 akapanda meli kwenda Misri kwa nia ya kumalizia udaktari Kairo. Alipofika akaona masomo ni ya miaka mingi na mfuko ni mtupu, akaiacha nia hiyo.

Mambo ya miaka iliyofuata yanatosha kutajwa kwa ufupi. Aliandika katika gazeti la al-Zaman. Mwaka 1884 akafuatana na jeshi la Waingereza lililopanda mto Nili kwenda kumwokoa Gordon Khartum, akiwa mkalimani wao. Akarudi Beirut akasoma Kiebrania na Kisiriani, na mwaka 1886 akatoa kitabu juu ya asili ya maneno ya Kiarabu. Mwaka huo huo alikwenda London. Kisha akarudi Kairo moja kwa moja, akatumikia gazeti la al-Muqtataf, akasomesha Kiarabu katika madrasa moja ya Manasara. Mwaka 1889 alitoa kitabu chake cha taarikhi ya Misri ya zama mpya, sehemu mbili.

Kitabu kama hicho husomwa na wachache. Mwenye ilimu hukitazama kama kuna jipya. Kijana hukifungua, akaona majina na miaka, akakifunga. Zaidan aliyajua hayo kwa kuwa yeye mwenyewe hakulelewa na wanavyuoni. Alijua mtu aliyetoka kazini usiku anataka nini. Mwaka 1891 akatunga kisa chake cha kwanza, al-Mamluk al-Sharid, maana yake Mamluki Mkimbizi. Msingi wake ni jambo lililotokea kweli: mwaka 1811 Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, aliwaalika wakubwa wa Mamluki katika ngome ya Kairo, milango ikafungwa, wakauawa; na watu husimulia kwamba mmoja wao, Amin Bey, aliruka ukuta na farasi wake akapona. Juu ya mtu huyo mmoja Zaidan alijenga kisa kizima. Watu wakakisoma, na njia yake ikajulikana.

Mwaka huo huo alioa, na pamoja na mwenziwe Najib Mitri wakafungua matbaa. Baadaye waligawana, Mitri akawa na matbaa yake, ndiyo iliyoitwa al-Maarif. Mwaka 1892, sawa na 1310 wa Hijra, Zaidan akatoa gazeti la kila mwezi akaliita al-Hilal. Alieleza sababu za jina hilo: ni alama ya dola ya Kituruki iliyokuwa ikitawala, na gazeti litaandama kila mwezi kama mwezi unavyoandama, na ni tumaini la kwamba litakua hata liwe mwezi kamili. Mwanzoni alikuwa pekee yake: mtungaji ni yeye, msimamizi wa chapa ni yeye, mwenye kuandika barua za wanunuzi ni yeye. Magazeti ya Misri ya zama zile yalikuwa yakivuka bahari hata India na pwani zetu hizi, na wasomaji wa Unguja na Mombasa waliojua Kiarabu walikuwa wakiyangojea meli.

Kwa al-Hilal kazi yake ya visa ilipata mahali pa kusimama. Kila mwaka alichagua zama moja, akatunga kisa, akakitoa kipande kipande katika gazeti, kisha akakikusanya kiwe kitabu. Akaanza na kutekwa kwa Misri na Amr bin al-As, katika Armanusa al-Misriyya; kikafuata Fatat Ghassan, chenye khabari za mwanzo wa Uislamu; kisha fitina ya kuuawa Sayyidna Uthman, na kuuawa Sayyidna Ali, na msiba wa Karbala; kisha al-Hajjaj bin Yusuf, na kutekwa kwa Andalus, na Abu Muslim wa Khurasan, na al-Amin na al-Mamun, na Ahmad bin Tulun, na Abd al-Rahman al-Nasir, na Salah al-Din; hata mapinduzi ya Waturuki ya mwaka 1908 nayo aliyatungia kisa. Jumla vilizidi ishirini katika miaka isiyotimia ishirini na nne. Vilifasiriwa kwa Kiajemi na Kituruki na Kiurdu.

Namna ya kutunga kwake ilikuwa ni hii. Kwanza alisoma taarikhi za zama alizozichagua, akajua mji ulivyokuwa, na mavazi, na vyakula, na masoko, na jinsi watu walivyoingia kwa mtawala na walivyotoka. Kisha akawaweka kijana na msichana wa kubuni, wapendanao, na adui wa kuwatenga, na siri isiyofichuka hata mwisho. Wawili hawa akawapitisha katika mambo yaliyotokea kweli. Msomaji akiwakimbilia wao kutaka kujua watakutana au hawatakutana, hujikuta amekwisha kuvijua vita na watawala na sababu za kuanguka kwa dola. Chini ya kurasa akitaja vitabu alivyotoa khabari zake, jambo ambalo watungaji wa hadithi hawana desturi nalo. Alisema kwamba watungaji wa Ulaya huifanya taarikhi iwe mtumishi wa kisa, na yeye hufanya kisa kiwe mtumishi wa taarikhi, na kwamba muradi wake ni kuwavuta watu waisome.

Katika hili alitimiza alilokusudia. Hakuna mwalimu wa zama zake aliyewafanya vijana wengi namna ile wasome khabari za karne za kwanza za Hijra kwa hiari yao, pasi na fimbo. Wala mtu asidhani kwamba aliwatukana Waislamu katika visa hivyo. Katika kisa cha Armanusa, Amr bin al-As anaonekana ni mtu wa murua na ahadi, na binti wa al-Muqawqis aliyeangukia mikononi mwa jeshi anarudishwa kwa baba yake kwa heshima. Mnasara aliandika hayo kwa kalamu yake, na vijana wa Kinasara wa Misri na Sham wakayasoma.

Walakini liko neno jingine. Itazamwe aliyoyachagua kati ya mwaka 1899 na 1901: kuuawa Uthman, na vita vya Ngamia, na kuuawa Ali, na Karbala, visa vitatu mfululizo. Wanavyuoni wengi wa Ahlus-Sunna wamewausia watu wazuie ndimi zao katika yaliyopita baina ya Masahaba, na huyu akawafungulia vijana mlango hapo hapo, tena kwa visa vya mapenzi. Katika kisa cha Sayyidna Ali anaonekana Qatam, mwanamke wa Kufa. Jina lake limo katika taarikhi, kwamba alimtaka Ibn Muljam kichwa cha Ali kiwe katika mahari yake. Walakini kwa Zaidan mwanamke huyu huenda na kurudi, husema na kupanga, hata kijana anayekisoma hawezi kujua lipi lilipokewa na wapokezi na lipi lilitungwa Kairo baada ya miaka zaidi ya 1200.

Mfano ulio wazi zaidi ni kisa alichokitoa mwaka 1906, al-Abbasa, ndugu wa Harun al-Rashid. Khalifa huyu watu wa pwani wanamjua kwa Alfu Lela U Lela, na waziri wake Jaafar wa ukoo wa Baramika wanamjua pia. Mwaka 187 wa Hijra, sawa na 803 wa Miladi, Harun alimwua Jaafar ghafula na akawafunga jamaa zake. Sababu yake watu waliitafuta. Baadhi ya wana taarikhi, akiwamo al-Masudi, walisimulia kwamba Harun alimwoza Jaafar ndugu yake al-Abbasa kwa sharti wasikutane faragha, ili wapate kukaa wote barazani mwake. Wakakutana, akazaliwa mtoto, siri ikafichuka. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake aliikanusha hadithi hiyo kwa nguvu, akasema kwamba Baramika waliangushwa kwa kuwa walishika mali na amri ya dola hata khalifa hakubakiwa na kitu, na kwamba nasaba ya al-Abbasa na zama zake karibu na mwanzo wa dini havilingani na jambo hilo. Zaidan alikuwa akiijua hoja ya Ibn Khaldun, maana Muqaddima ni kitabu alichokitumia sana. Walakini hoja ya hazina na madaraka haitoi machozi, na khabari ya mama anayefichiwa watoto wake hutoa. Akashika ile ya pili. Tangu hapo mamia ya vijana wanaijua kuwa ndiyo sababu ya msiba wa Baramika, na mtu akiwaambia iko shaka ndani yake, humtazama kama aliyewaibia kitu.

Ni haki kusema pia kwamba kuipamba taarikhi hakukuanza na Zaidan. Wazee wa pwani wameimba kwa vizazi Chuo cha Herekali, alichokitunga Mwengo huko Pate mwaka 1728, chenye vita vikubwa baina ya Waislamu na Warumi wa Tabuk, na hali wenye sira wamesema kwamba katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, jeshi la Warumi halikukutwa. Tofauti iliyopo ni kwamba mwenye utenzi hatii chini ya beti zake majina ya vitabu vya ushahidi. Aliyetia akadai kuwa ni shahidi, basi huulizwa kama shahidi.

Na Zaidan aliulizwa. Si kwa visa tu, bali zaidi kwa kitabu chake kikubwa, Tarikh al-Tamaddun al-Islami, taarikhi ya ustaarabu wa Kiislamu, alichokitoa kwa sehemu tano kati ya mwaka 1902 na 1906. Kabla yake hakuna aliyekusanya kwa Kiarabu, katika kitabu kimoja na kwa mpango huo, khabari za hazina na majeshi na ilimu na maisha ya nyumbani ya dola za Kiislamu. Mwingereza Margoliouth aliifasiri sehemu ya nne kwa Kiingereza mwaka 1907.

Mwaka 1910 chuo kikuu kipya cha Misri, kilichofunguliwa mwaka 1908, kilimwita asomeshe taarikhi ya Kiislamu. Yeye alikuwa katika waliolitaka taifa la Misri liwe na chuo kama hicho tangu kisijakuwapo. Akafurahi, akaanza kutayarisha masomo yake. Kabla hajasimama mbele ya wanafunzi habari zikaenea, na watu wakasema: taarikhi ya Uislamu itasomeshwaje na asiyekuwa Mwislamu? Wakubwa wa chuo wakaogopa ghadhabu ya watu, wakamwachisha. Alimwandikia khabari hii mwanawe Emile, aliyekuwa mwanafunzi Beirut katika chuo kile kile alichotoka yeye. Ni ajabu ya majaaliwa kwamba mwaka 1882 Manasara walimpoteza kwa kumtetea mwalimu aliyesema lisilowapendeza wahubiri, na baada ya miaka 28 Waislamu wakamkataa kwa dini aliyozaliwa nayo kabla hajasema neno. Masomo hayo baadaye alipewa Shekhe Muhammad al-Khudari, naye akayatoa kuwa vitabu ambavyo wanafunzi wamefaidika navyo.

Kumzuia mtu asiseme ni jambo jepesi. Kumjibu ndiko kugumu, na aliyelifanya hilo gumu hakutoka Misri bali India. Huyo ni Shibli Numani, mwenye kitabu cha al-Faruq juu ya maisha ya Sayyidna Umar. Mwaka 1912 jibu lake kwa kitabu cha Tamaddun lilienezwa na Sayyid Rashid Rida wa gazeti la al-Manar. Shibli hakuingia kwa matusi. Alivichukua vitabu alivyovitaja Zaidan, akavifungua mahali penyewe, akaonyesha wapi neno limekatwa nusu, na wapi tukio la mtu mmoja limefanywa desturi ya dola nzima, na wapi Banu Umayya wamebebeshwa zaidi ya yaliyopokewa. Likiwamo pia jambo la maktaba ya Iskandaria, ambalo Zaidan alilikubali, kwamba vitabu vyake vilichomwa kwa amri ya Umar. Hadithi hiyo haimo katika taarikhi za kwanza za kutekwa kwa Misri. Imeonekana kwa Abd al-Latif al-Baghdadi na Ibn al-Qifti, zaidi ya miaka 500 baada ya Iskandaria kufunguliwa, na Shibli alikwisha kuandika risala nzima ya kuivunja.

Mwenye kuyasoma yote mawili huona kwamba Shibli alikuwa na haki katika mengi. Huona vile vile kwamba lau Zaidan hakuandika, jibu hilo lisingaliandikwa, na kwamba Waislamu wenye ilimu zaidi yake walikuwa wameketi na vitabu vyao, wala hakuna katika wao aliyekuwa amewatungia vijana kitabu cha kushindana na vyake.

Zaidan hakupunguza kazi. Mwaka 1909 alikwenda Istanbul, mwaka 1912 Ulaya, mwaka 1913 Palestina, na katika safari zote hizo kalamu haikukauka. Kuanzia mwaka 1911 akatoa kitabu cha taarikhi ya fasihi ya Kiarabu, sehemu nne, na visa navyo vikaendelea kutoka katika al-Hilal kama kawaida. Cha mwisho ni Shajarat al-Durr, khabari ya yule mwanamke aliyekuwa mjakazi akatawala Misri.

Kisa hicho kilitoka mwaka 1914, sawa na 1332 wa Hijra, na mwaka huo huo, usiku mmoja, mauti yakamjia ghafula Kairo akiwa baina ya vitabu na karatasi zake. Umri wake ulikuwa miaka 52. Ahmad Shawqi na Hafidh Ibrahim, Waislamu, na Khalil Mutran, Mnasara, walimwombolezea kwa mashairi. Shibli Numani naye alikufa India mwezi Novemba wa mwaka ule ule, akiiacha sira yake kubwa ya Mtume haijamalizika, ikamalizwa na mwanafunzi wake. Gazeti la al-Hilal likashikwa na Emile, kisha na ndugu yake Shukri pamoja naye, na vile vitabu vya visa vikaendelea kupigwa chapa Kairo na Beirut, majina ya Tabari na Ibn al-Athir na al-Masudi yakiwa pale pale chini ya kurasa, kwa herufi ndogo.